Majibu ya Damu ya Zakaria

Dar es Salaam,
Jumapili, baada ya ibada

Mayu, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute magoti yamepoa na mahindi ya shamba la kijiji yamesimama vizuri. Sisi huku Mungu anatutunza. Kiwandani nimehamishiwa upande wa kusokota nyuzi. Vumbi la pamba linanikohoza kidogo, lakini si la kukutia wasiwasi. Marta mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, soma polepole, wala usiruke mahali hata mama akikuambia uruke.

Mama, majibu ya damu ya Zakaria yamefika.

Uliniagiza kwa kinywa cha baba mdogo alipokuja huku, kwamba nimrudishe mke wangu kwao Ipuli, kwa kuwa alipita chini ya mti siku tunashusha mzinga wa nyuki huko nyumbani, naye ana mimba, na ndiyo maana mtoto ametoka na macho yale na viungo vilivyolegea. Sikukujibu. Rahel alisikia yote akiwa jikoni. Akapakua chakula, akamnawisha baba mdogo mikono. Tangu siku hiyo akimwogesha mtoto hufunga mlango.

Nikawapeleka hospitali. Mama daktari wa watoto alimfungua Zakaria viganja, akaona mstari mmoja tu umekikata kiganja kizima, akasema anavyoona yeye ni jambo la damu, ila lazima damu ipimwe, lionekane kwa macho. Akauliza kama katika ukoo yuko mwingine wa namna hii. Nikajibu hakuna. Rahel akanitazama, akasema taratibu, "Na mjomba Petro?"

Mama, sikuwa nimemfikiria. Kwangu mimi mjomba alikuwa mjomba tu, ndugu yako aliyecheka katikati ya mahubiri, aliyenibeba mgongoni tukienda kisimani, na wewe ukimkatia nyama vipande vidogo asipaliwe. Nikaeleza macho yake na vidole vyake vifupi. Daktari akaandika, akatutoa damu sote watatu.

Hapa nchini hawana mitambo ya kuichunguza, ikasafirishwa Ulaya. Huko huiotesha kwenye chupa, kama mnavyootesha miche ya tumbaku kitaluni, na chembe zake zikianza kujigawa huzipiga picha kwa darubini. Tulingoja mpaka masika ikaisha. Nilikuwa naomba kila siku majibu yasimtaje Rahel. Sikujua naomba yamtaje nani.

Juzi daktari ametuita. Akatuonyesha picha, vijiti vyeusi vimekatwa na kupangwa viwili viwili, kuanzia vikubwa mpaka vidogo, kimoja cha baba, kimoja cha mama. Yeye anaviita kromosomu, mimi niliona nyuzi. Za Rahel zimekaa sawa zote. Kwangu, uzi mmoja mdogo umeshikana na mkubwa usio jozi yake. Hakuna kilichopungua, ndiyo maana mimi ni mzima. Lakini Zakaria alipata kwangu ule ulioshikana, akapata na mdogo mwingine ulio huru, na wa mama yake ukaongezeka hapo. Panapotakiwa nyuzi mbili, yeye anazo tatu.

Nikauliza, "Kwa hiyo ni mimi?"

Daktari akasema, "Umempitishia, baba Zakaria. Hukumfanyia."

Anadhani uzi huo ulitoka kwako, kwa kuwa mjomba Petro ni wa tumbo moja nawe, ila bila kuipima damu yako hawezi kuapa. Mzinga haumo, mama. Rahel hayumo.

Marta, hapa nasema nawe. Mimba zako zilizotoka pengine ni kwa uzi huu huu. Usikubali kuitwa mwenye mkosi. Cheti cha daktari nimekitia humu, kipeleke hospitali ya Tabora, uende na mumeo.

Mama, sikuhukumu. Hukujua, wala bibi hakujua. Lakini bibi hakurudishwa kwao kwa ajili ya mjomba. Mjomba mlimlea, akabatizwa, tukamzika kwa nyimbo. Zakaria naye ameanza kukaa mwenyewe. Atachelewa mambo mengi, daktari hakutuficha, ila moyo wake unapiga vizuri na akisikia redio anacheka.

Tulipotoka, Rahel alikaa kwenye benchi la nje akalia. Nikadhani ni furaha. Akaniambia, "Usimwandikie mama kwa ukali. Atadhani nimemshinda."

Ndiyo maana nimeandika hivi. Kama bado unaona yuko wa kurudishwa kwao, basi ni mimi, na kwetu ni kwako.

Msalimie baba mdogo, umweleze haya kama nilivyoyaeleza. Msalimie shangazi wa Cheyo, na mwinjilisti wetu, azidi kutuombea. Wajukuu zako wakubwa wanakuamkia.

Likizo tunakuja na treni. Tukishuka Tabora, mpokee Rahel kwanza, na mtoto mgongoni mwake. Mimi nitashughulika na mizigo.

Neema ya Bwana ikae nawe.

Mwanao,
Elia