Matufaha ya Madhabahu Yamekwenda Kanisani

Tamsin, na wewe Baba Tamsin,

Supu ya boga iko jikoni. Moto mdogo, na mkoroge.

Mkiikuta madhabahu yetu ya Maboni, sikukuu yetu ya kipagani ya mavuno, iko tupu pale dirishani, msiite polisi. Mwizi ni Bibi. Asubuhi nikiwa bafuni aliona matufaha na masuke ya ngano, akadhani nimeyaandaa kwa ajili ya sikukuu ya mavuno kanisani kwake. Kabeba vyote, hata yule mwanasesere wa mabua niliyemsuka wiki nzima! Halafu kanipigia simu, sauti inatetemeka: “Asante, mwanangu. Miaka kumi na miwili nakuombea urudi kanisani, leo umenikumbuka.”

Nilikasirika mpaka niliposikia hiyo sauti.

~~Naenda kuvichukua vyote.~~ Naenda kukaa naye ibadani. Baba Tamsin, acha kucheka.

Tamsin, okota matufaha yaliyoanguka chini ya mti, hata yenye mabaka. Moja likate kwa upana, si kwa urefu kama mwaka jana, ili ile nyota ya mbegu ionekane katikati. Majani makavu ya kuandikia shukrani nimeyabana ndani ya kamusi.

Leo ndiyo Maboni, mchana na usiku vinalingana. Basi mchana ni wa Bibi, jioni ni yetu. Wekeni viti vinne. Ukweli, kwamba matufaha yalikuwa ya madhabahu yetu, nitamwambia njiani tukirudi. Atanuna mpaka getini, kisha atataka apewe jani kubwa kuliko yote.

Mchagulieni kabisa.

Mama