Aulizwe wa Nyuma Yake

Bweni la Wasichana, Nagpur
18 Novemba 1996

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naigusa miguu yako kutoka huku mbali. Hujambo? Magoti yanasemaje na baridi hii? Mimi ni mzima, ila chakula cha bweni hakina pilipili.

Namwomba Shangazi Shevanta akusomee taratibu, asiruke mistari kama anavyoruka mishono.

Nina habari. Mwalimu Kshirsagar, yule wa sayansi, amechagua wasichana watano wa kidato chetu kuzunguka naye wiki tatu katika hospitali na zahanati za vijijini, tujionee jinsi watu wanavyotibiwa. Na mimi nimo! Nadhani alinichagua kwa sababu nina mwandiko mzuri na sipigi kelele.

Leo tumeanza na hospitali kubwa ya hapa mjini, wodi ya macho. Nimeona wazee ishirini wamekaa kando ya ukuta, kila mmoja kafungwa jicho moja. Wote walikuwa na mtoto wa jicho kama wewe. Daktari akawafungua mmoja mmoja. Babu mmoja alimwona mkewe akamwambia, "Kumbe umezeeka hivi!" Mkewe akamjibu, "Subiri uone kioo." Wodi nzima ilicheka.

Bibi, nilimuuliza daktari kuhusu macho yako. Alisema ukichelewa sana jicho linaweza kuharibika lisitibike tena. Sikukuu ya Diwali ulinipapasa uso ili ujue kama nimekonda. Kambi ya matibabu ya macho inarudi huko kwetu tarehe 12 Desemba. Mama alinieleza kwamba mwezi wa pili ulikwenda, ukarudi kabla ya saa sita, na mkate wako wa mtama haujafunguliwa kitambaani. Hukusema kwa nini. Tafadhali nenda tena.

Mjukuu wako,
Vaijayanti

*

Nyumbani
25 Novemba 1996

Mjukuu wangu Vaiju,

Upate uhai mrefu. Magoti yapo, yanalalamika kama kawaida yao. Nyati wetu wa maziwa amezaa jike. Pamba imekomaa, sote tuko shambani. Mama yako anasema ninachuma majani kuliko pamba. Mwongo huyo.

Kuhusu macho, ni ya kwangu, yamezeeka pamoja na mimi, yaache yapumzike. Wewe soma. Usikae na wagonjwa wanaokohoa. Na usipite huko ukitangaza habari za bibi yako kwa madaktari.

Wasichana wenzako wanakula nini? Kuna anayekuonea? Niambie jina lake.

Bibi yako

Mimi Shevanta naongeza haya, yeye anadhani nimeshafunga barua. Jana alishika kaa la moto akidhani ni kifuniko cha chungu. Kiganja chote malengelenge. Amenikataza kukuambia. Vaiju, jicho la kushoto halioni kitu tena, na la kulia linafuata. Nimembembeleza mpaka nimechoka. Anasema, "Sirudi kuchekwa." Kuchekwa na nani? Hasemi.

*

Zahanati ya kijijini
1 Desemba 1996

Bibi yangu,

Shikamoo. Kiganja kinaendeleaje? Usimgombeze Shangazi Shevanta, tafadhali. Mimi ni mzima.

Nataka kukusimulia kosa nililofanya hapa jana, hata kama naona aibu.

Karani wa zahanati aliugua, basi Mwalimu akaniweka mezani niandikishe wagonjwa. Nilikuwa nimesoma kitabu chote cha maelekezo. Kinasema: jina, umri, kijiji, jina la mume, na usiache nafasi tupu. Foleni ilikuwa ya wanawake tu, imefika hadi kwenye pampu ya maji.

Wa kwanza alikuwa na mtoto mwenye homa begani. Akajibu vizuri mpaka tulipofika kwa mume. Akanyamaza. Nikarudia. Akauma pindo la sari. Nikadhani hasikii, nikauliza kwa sauti kubwa, mimi ambaye darasani hata "nipo" nasema kwa kunong'ona. Akageuka, akaondoka na mtoto wake. Wa pili akanyamaza vilevile, akaondoka. Wa tatu akasema, "Andika baba yake Sunanda." Nikamwambia kitabu hakikubali. Naye akaondoka.

Ndipo Anusaya, mama anayefagia zahanati, akaja akaegemea ufagio mezani kwangu.

"Msomi," akasema, "umesoma vitabu vyote, mama yako hukumsoma? Umewahi kumsikia akitaja jina la baba yako?"

Bibi, nilitamani ardhi inimeze. Sijawahi. Mama husema "baba yake Vaiju" au "yule". Wewe pia. Nimelelewa na wanawake wasiotaja majina ya waume zao, wasije wakawapunguzia siku za kuishi, halafu nikakaa mezani nikasahau nilikotoka.

Anusaya akaigeukia foleni. "Haya, huyu wa mbele mumewe nani? Wa nyuma yake aseme!"

"Bhaurao!" wa nyuma akapaza sauti. "Yule mwenye masharubu kama mkia wa ngedere!"

"Afadhali masharubu," wa mbele akajibu. "Wako hana hata nywele. Andika, binti, huyu wa kwake ni Sakharam!"

Watu wakacheka, foleni ikaanza kwenda. Kila mmoja alimtaja mume wa mwenzake, na hakuna aliyevunja mwiko. Kufikia mchana nilikuwa nimeandikisha arobaini na mmoja.

Hata wa pili na wa tatu walirudi, lakini yule wa kwanza hakuwemo. Nikamwachia Anusaya kalamu anishikie, nikakimbia barabarani na ndala mkononi. Nilimkuta kituo cha basi, basi linaingia. Sikujua la kusema. Nikasema tu, "Dada, nisamehe, nilikuwa mjinga." Akanitazama, kisha akarudi nami. Mtoto alikuwa na kichomi. Muuguzi alisema angefika kesho pengine angechelewa. Leo asubuhi mtoto ameninyang'anya kalamu akaing'ata. Anapona!

Bibi, usiku huu nimekuwa nikiwaza. Je, hivi ndivyo ilivyokuwa kwako mwezi wa pili? Kama hutaki kunijibu, usijibu.

Mjukuu wako,
Vaijayanti

*

Bweni la Wasichana, Nagpur
9 Desemba 1996

Bibi yangu,

Shikamoo. Sijapata barua yako. Nimeuliza posta mara mbili. Kama nilikuudhi kwa swali langu, naomba radhi. Mwandiko mzuri haumpi mtu adabu.

Jana tulimaliza ziara. Kulikuwa na mkutano wa madaktari wa wilaya, na Mwalimu akasema mmoja wetu aeleze alichojifunza. Wenzangu wakanisukuma. Nilisimama, nikaeleza habari za foleni. Daktari mmoja akacheka, akasema, "Binti, sisi tunaleta dawa mpya, wewe unatuletea umbea wa wanawake?" Nikakaribia kukaa. Lakini nikakumbuka kiganja chako. Nikamwambia, "Daktari, dawa ilikuwepo. Wanawake watatu nusura waikose kwa sababu ya swali langu."

Kisha daktari wa macho, huyohuyo atakayesimamia kambi ya huko kwetu, akatoa kalamu akaandika. Alisema tarehe 12 karani wake hatamuuliza mwanamke yeyote jina la mumewe. Ataulizwa wa nyuma yake.

Zimebaki siku tatu, Bibi. Barua hii naituma kwa dereva wa basi, sitaki icheleweshwe posta.

Mjukuu wako,
Vaiju

*

Nyumbani
18 Desemba 1996

Vaiju wangu,

Upate uhai mrefu kuliko wangu. Uniwie radhi kwa kimya. Hukuniudhi. Barua yako ya zahanati nilimwambia Shevanta anisomee mara mbili, kisha akaichukua akaizungusha kijiji kizima, visimani na mashambani, mpaka ikararuka kwenye mikunjo. Ndiyo maana majibu yalichelewa. Tulikuwa na kazi.

Sasa nikujibu. Mwezi wa pili karani wa kambi ya macho aliniuliza jina la babu yako. Nikamwambia mimi ni mjane wa miaka tisa, aandike lolote. Akasema mbele za watu, "Bi mkubwa, mumeo kafa miaka tisa sasa. Unaogopa kumpunguzia siku zipi?" Foleni nzima ikacheka. Nikachukua mkate wangu nikarudi kwa miguu.

Sikuwa naogopa, mwanangu. Nimekaa naye miaka arobaini na mitatu. Kilemba chake kimechakaa, kitanda chake kimeliwa na mchwa. Jina tu ndilo halijachakaa, kwa kuwa sijalitumia. Ningelitoa kwa karani anayetafuna tambuu?

Tarehe 12 tulikwenda wanawake kumi na wawili. Kumi na wawili! Sikujua kwamba nyumba hizi zimejaa vipofu wanaojificha. Kila mmoja alikuwa na kisa chake na meza ile. Tukapanda gari la ng'ombe tukiimba kama tunakwenda harusini.

Karani alikuwa yuleyule. Nilimjua kwa sauti. Akasema taratibu, "Bi mkubwa, jina lako?" Yamunabai. "Kijiji?" Nikamtajia. Kisha akasema, "Wa nyuma yake aseme." Shevanta, aliyenisindikiza na kusimama nyuma yangu, akatoa sauti kama mpiga mbiu: "Gangaram Mahadev Thakre! Mtu aliyechimba kisima cha kijiji chetu!"

Hakuna aliyecheka. Miaka tisa sijasikia watu wakilitaja jina lile lote, kwa sauti, mchana, kama la mtu anayetarajiwa kufika. Nikasimama wima. Karani akaandika.

Kisha nikawekwa pembeni ya meza, maana waume wa wote kumi na mmoja nawajua tangu wakiwa na kamasi. Nikawataja wote. Wengine niliwataja na sifa zao, foleni ikapata burudani.

Siku hiyohiyo nikapasuliwa jicho la kulia, na kesho yake daktari alinifungua. Akanyoosha mkono, "Bibi, vidole vingapi?" Nikamwambia, "Vitatu, na kucha ukate." Alicheka mpaka muuguzi akamshika bega. Jicho la kulia ni zima kabisa. La kushoto watajaribu mwezi wa tatu. Daktari anasema lina matumaini.

Nimerudi nyumbani nimekuta buibui wamejenga mji darini. Mama yako alikuwa akiniambia nyumba inang'aa! Tumegombana siku mbili, na katikati ya ugomvi analia kwa furaha. Pamba nachuma mwenyewe, safu nzima, bila jani.

Siku ya kuondoka karani alinifuata. Hakuomba radhi, wanaume hao hawajui pa kuanzia. Alisema tu kwamba mwezi wa tatu watakuja watu wengi zaidi, na kama nitakubali, nikae mezani pamoja naye. Nikamwambia nitafikiri.

Akaenda ndani, akaniletea kiti.

Bibi yako, mwenye jicho