Taa za Kaskazini Hazifungwi na Fundi

Ansab, Muscat
Oktoba, 2003

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na ukungu wa Wundanyi? Na kile kikohozi kimeondoka, au unakificha ili dada Wakesho asikupeleke hospitali? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Joto limeanza kupungua, sasa naweza kushika ngazi ya chuma mchana bila kujifunga kitambaa mkononi.

Barua yako nimeipata. Mara ya kwanza niliisoma nikafurahi, mara ya pili nikakasirika. Nitasema ukweli kwa sababu ni wewe uliyenizaa: nina wivu. Namwonea wivu Righa, mdogo wangu wa tumbo moja, na sioni haya kuliandika.

Unasema amekutumia tikiti uende Norway mwezi wa pili ukazione taa zake za kaskazini, na kwa kuwa baba hayupo, unaniomba mimi kifungua mimba nikubali. Mama, tangu nije huku nakuambia uje Muscat. Kila mara jibu ni lile lile: ng'ombe ataachiwa nani, ndege inakutia hofu, joto litakuua. Righa ameita mara moja tu, ng'ombe amepata mtu, na ndege imekuwa kama basi la Voi.

Halafu hizo taa zenyewe. Wakesho alinisimulia kwa simu mambo ya kanisani, nikacheka mpaka kadi ikakaribia kuisha, kisha kicheko kikanikauka. Eti ulisimama wakati wa shukrani ukasema mwanao yuko kwenye taa za kaskazini, na mzee Mwanyumba akamshukuru Mungu kwamba hatimaye kijana wetu anawapelekea stima watu wa kaskazini, kule Wajir. Kanisa zima likapiga makofi. Nawe ukamsahihisha Wajir tu, ukasema ni kaskazini ya Ulaya, kwa sababu hata wewe unadhani Righa ndiye aliyezifunga. Zile taa hazifungwi na fundi, Mama. Ni mwanga unaotokea wenyewe angani kule kwenye baridi, wa kijani, unapeperuka kama pazia. Fundi wa taa katika nyumba yetu ni mimi. Nimefunga taa za bustani Qurum, za ngazi, za malango, na matajiri wanapita chini yake kila jioni. Sijawahi kupigiwa makofi na mtu.

Mimi pia alinitumia picha, ile ile uliyoitundika sebuleni. Akaniandikia anavyohangaika. Karibu kila usiku mawingu yanafunga. Anasimamisha kamera yake kwenye miguu mitatu juu ya theluji, anaiacha wazi muda mrefu ikusanye mwanga, naye anarukaruka pembeni asigande, akingoja mawingu yapasuke kidogo. Mara nyingi hayapasuki, anarudi na filamu nzima ya mawingu. Picha yako ni mojawapo: wingu jembamba lililopata rangi kwa nyuma. Hapa Ansab naweza kukaa miezi sijaona wingu. Anga iko wazi kabisa, na hakuna cha kupiga picha. Hilo nalo liliniuma.

Picha hiyo nilikuwa nayo mfukoni nilipokwenda Qurum kubadilisha taa za barazani kwa Bi Salma, yule mama wa Kiomani niliyekuambia alizaliwa Unguja. Nikamwonyesha. Akaisogeza mbali na macho.

"Mie naona wingu tu. Nduguyo kenda kote huko kupiga picha wingu?"

Nilifurahi, Mama, sikufichi. Nikamwambia ndiyo, ni wingu tupu, na kwa wingu hilo anamchukua mama yangu. Akanitazama, akaanza kucheka.

"Hebu nikuulize. Wataka mamako asende?"

"Aende. Lakini..."

"Basi huo si uhasidi, hiyo ghera. Hasidi hataki mwenziwe apate. Weye wataka upate na weye. Haya, panda ngazi, baraza ina kiza."

Neno hilo la ghera nilikwenda nalo mpaka nyumbani. Ijumaa nilipotoka kanisani Ruwi, maana huku ibada zetu ni Ijumaa, siku ya mapumziko, nikazunguka madukani kutafuta koti la baridi. Muuzaji mmoja wa Kihindi aliniuliza kama nina homa. Akalitoa juu kabisa kwenye rafu, ndani ya mfuko wenye vumbi: zito, la bluu, lina kofia yenye manyoya. Akataka kipimo cha mvaaji. Nikalivaa mwenyewe, nikapandisha zipu mpaka kidevuni, jasho linanitiririka, wapita njia wananishangaa. Mabega yangu ni yako, Righa alichukua ya baba. Lilinikaa sawasawa.

Kwa hiyo nimekubali. Nenda. Jirani yangu Mghoi anakuja likizo Desemba, atakuletea koti hilo. Ila Righa usimwonyeshe barua hii.

Nisalimie dada yangu Wakesho, asichoke kukupeleka kliniki. Msalimie shangazi wa Mgange na watoto wake. Mzee Mwanyumba mwambie kijana wa stima yuko Oman.

Na jambo moja, Mama. Righa akikusimamisha kwenye theluji akupige picha, vaa koti langu, hata kama naye atakuwa amekununulia jingine. Najua mwanga ukitokea watu wote watasema ni taa za Righa. Ndiyo maana nimeanza kuomba mapema. Naomba usiku huo mawingu yafunge kabisa, isionekane hata nyota moja, picha nzima iwe wewe na koti.

Ni mimi mwanao wa kwanza, fundi wa taa,

Mwakio