Mashine ya Dawa na Muhuri wa Serikali

Siku ya kwanza ya juma, 3 mwezi wa tatu 2003
Nimepanga serumu na kinini tangu asubuhi. Mashine bado iko kwenye kona ya farmasi ya hospitali. Waya ya Inspekta kwenye mulango wake, na muhuri. Wiki ya sita sasa.

Morfini yetu yote, dawa ya maumivu makali, iko ndani. Wafadhili walioleta mashine waliijaza wenyewe kabla ya kurudi kwao. Unaandika namba yako ya siri, inatoa chupa moja, inakumbuka nani amechukua. Inspekta wa dawa alikuja akasema sheria inataka mukono wa farmasia, mwenye diploma kama mimi, na kitabu chenye kashe, muhuri wa wino wa serikali. Mashine haina mukono. Akafunga. Aliandikia Kinshasa kuomba ruhusa. Barua itapita wapi? Njia zote ziko na waasi.

Siku ya pili, 4
Docteur Alphonse, anayepasua wagonjwa, amenituma kwa Inspekta. Nimekwenda kwa miguu mpaka mtaa wa Shari, anakokaa. Ofisi yake iliporwa, anafanyia kazi sebuleni. Suti, tai. Anaishi peke yake. Nimemuomba sana.

"Mama, mimi si mutu mubaya. Lakini nikikufungulia leo, kesho kila mwenye bunduki atataka nimufungulie na yeye."

Pengine ana haki. Ninamuchukia hata hivyo.

Siku ya tatu, 5
Mvua. Wameleta Mama Zawadi, muuza maharagi wa kijiji cha Fataki. Alipigwa risasi ya goti. Ndugu zake wamemubeba siku mbili kwa kipoyo, machela ya miti. Docteur amekata mguu mchana huu. Dawa ya kulaza ilitosha. Ya maumivu, baada ya hapo, ni parasetamoli tu.

Amenishika mukono. Nimemwambia dawa inakuja. Uongo.

Siku ya tano, 7
Jana sikuandika. Vita viliingia mjini alfajiri ya jana. Wanaoweza kutembea walilala chini ya vitanda. Mama Zawadi hakuweza. Alilia mpaka sauti ikaisha.

Nilisimama mbele ya mashine na koleo ya kukata waya mukononi. Niliwaza diploma yangu. Niliwaza gereza. Niliwaza baba yangu kule Mahagi, namna alivyouza ngombe zake nisome. Sikukata.

Mama Zawadi alikufa saa ine ya asubuhi. Nilikata waya saa sita.

Umeme hakuna, namba ya siri haikufanya kitu. Docteur alivunja mulango kwa chuma. Majeruhi walikuwa wamejaa mpaka barazani. Nilitoa chupa moja moja na kuandika katika kaye, daftari ya shule: jina, saa, sahihi yangu. Ni kile kile sheria ilichokuwa inataka. Ningeweza kukifanya tangu siku ya tatu.

Siku ya kwanza, 10
Inspekta amekuja kwa miguu. Suti ile ile, matope mpaka magotini.

"Nani amevunja?"

"Ni mimi."

Ameandika prosè-verbal, hati ya kosa langu, kurasa mbili, mwandiko muzuri. Nimetia sahihi. Halafu ameomba kaye, akaisoma yote.

"Mutu wa kwanza unaandika saa sita. Mbele ya hapo hakukuwa mugonjwa?"

"Alikuwako moja. Alikufa nikiogopa muhuri wako."

Ametoa kashe mufukoni akaigonga kwenye kila ukurasa, hata zile tupu. Akasema niendelee kutoa dawa. Prosè-verbal hakuichana. Akaikunja, akaondoka nayo.

Siku ya tatu, 12
Dada ya Mama Zawadi amekuja katika mvua kuchukua vitenge vyake. Akauliza kama aliumia.

Nilikuwa na jibu la kumutuliza, tayari mudomoni.

"Ndiyo," nikasema. "Aliumia sana. Dawa ilikuwako, sikumupa."

Akakaa kwenye benchi, vitenge juu ya magoti. Mimi pia nikakaa. Mvua ilipokatika, alisimama akaenda.