Plagi Iliyofunga Banda la Kuku

S.L.P. 1176,
Kitale.
15 Juni 2025

Mpendwa Kaka Tonny,

Pokea salamu tele kutoka Kitale, ambako mvua imeshika na mahindi yanafika kiunoni. U mzima? Kile kifua kimepona, au baridi ya Perth bado inakusumbua? Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo na anakataa dawa, kama unavyomjua.

Hedifoni ya urubani uliyonitumia ilifika. Asante sana! Ila kaka yangu, uliuziwa ya helikopta. Ina plagi moja tu, na ndege yetu ya mafunzo ina matundu mawili: pana la kusikilizia, jembamba la kuzungumzia. Nilicheka kwanza, kisha nikalia. Mwalimu Gichuki alikuwa ameshasema nisiporuka peke yangu Jumamosi hii, ndege inapelekwa kwenye matengenezo na nitasubiri hadi mwakani.

Basi nikaanza kusaka. Plagi nene niliipata hapa hapa mjini. Kumbe ya gitaa inaingia vizuri kabisa! Nyembamba ndiyo ilinitoa jasho. Nilizunguka kwa mafundi wa redio, nikashuka Bungoma, nikafika hadi Sirisia. Kila mmoja alitazama picha kwenye simu yangu na kusema, "Hii hakuna, madam. Labda Nairobi."

Nikirudi, niliona aibu kupita Bokoli bila kumwamkua Mjomba Walubengo. Unajua kwake mpwa haondoki bila kuchinjiwa. Akanituma nikamkamate jogoo. Kaka! Mlango wa banda ulikuwa umefungwa kwa waya mweusi, na mwisho wake inaning'inia plagi nyembamba! Nilipiga kelele hadi Mjomba akaja na panga akidhani ni nyoka. Kumbe zamani alikuwa akipakia dawa kwenye ndege ya kunyunyizia ngano. Rubani alipotupa hedifoni mbovu, yeye aliona kamba.

"Ati unalilia hii? Si ni waya tu, mama! Chukua."

Nilipomaliza kuufungua waya, kuku walikuwa wameshatoroka wote, tukala ugali kwa maharagwe.

Nilikwangua kutu, nikalehemu plagi zote mbili kwenye nyaya za hedifoni yako, nikafunika kwa kipande cha kalamu ya biki na gundi. Kujaribu, namsikia Mwalimu lakini yeye hanisikii! Nilikuwa nimepishanisha nyaya mbili. Nikazirekebisha, akainua dole gumba.

Jana niliruka peke yangu, Tonny! Peke yangu! Juu ya mashamba nikatoa taarifa, Mwalimu akajibu kutoka uwanjani kwamba ananisikia vizuri. Halafu ikaja sauti ya Mama, ambaye alikuwa amemnyang'anya redio: "Everlyne, wewe ulikunywa chai kweli?"

Nikafuta machozi kwanza. Akauliza tena, nikamwambia nilikunywa, na nikaishusha ndege.

Nisalimie wifi yangu Wangui na watoto. Mjomba na Mama wanakukumbuka kila siku. Mungu aliyenishika huko juu akushike nawe huko uliko.

Dada yako akupendaye daima,
Everlyne