Fataki Mdomoni mwa Wambura

Jumatatu, 3 Machi 1952. Butiama.
Nimefua nguo za mgodini. Maji mekundu kama kawaida. Wakati wa kula nikaona jino la mbele la Wambura limemeguka. Kumbe koleo la kubania fataki lilivunjika wiki iliyopita. Sasa anabana kwa meno.
Fataki ni kibomba chembamba cha shaba, baruti imejaa chini. Utambi unaingizwa juu, kisha mdomo wa shaba unabanwa usichomoke. Mume wangu anaweka kitu hicho kinywani! Alieleza huku anatafuna, kama mtu anayezungumzia karanga. Nikaacha ugali wangu.

Jumanne, 4 Machi.
Nimemwomba angoje koleo jipya. Hataki. Nyapara kasema makoleo yameagizwa, kazi haisimami.
"Mama Bhoke, hata Matiko anabanaga hivyo hivyo."
Matiko ni mdogo wake, tunaishi naye. Wambura ndiye aliyemfundisha kazi. Nina hasira na wote wawili.

Alhamisi, 6 Machi.
Mgodi hulipuliwa mchana, nikiwa darasani. Leo mlipuko ulichelewa. Chaki mkononi, sentensi nusu ubaoni. Watoto wananitazama. Ulipolia nilikaa chini. Siwezi kuishi hivi.

Jumamosi, 8 Machi. Musoma.
Nimepanda lori la pamba lililotoka Bunda. Mvua, tope, tumesukuma. Maduka ya Wahindi hayana koleo la namna hiyo. Mwenye duka la mwisho akanielekeza kwa Mzee Salum, fundi mabati, karibu na soko.
Nilimpa kipande cha utambi nilichochukua kwenye koti la Wambura. Akachukua koleo kuukuu, akalichonga kwa tupa hadi likapata tundu la duara katikati ya meno yake. Akauvisha utambi kibomba kitupu cha shaba, akabana mara moja.
"Vuta, mwanangu."
Nilivuta kwa nguvu zote. Haukutoka. Shaba imeukumbatia pande zote, wala haikupasuka. Nikalia pale pale mbele ya wateja wake.

Jumapili, 9 Machi.
Nimempa Wambura koleo baada ya ibada. Akaligeuzageuza, akalitia mfukoni. Hakusema asante. Lakini alilitia mfukoni.
Matiko akacheka: "Na langu liko wapi, shemeji?"
Sikuwa nimemfikiria hata kidogo. Wambura akasema watatumia pamoja.

Jumanne, 11 Machi.
Mlipuko asubuhi. Si saa yake, na ulikuwa mdogo mno. Niliacha darasa, nikakimbia. Wanawake wengine walikuwa wanakimbia pia.
Wambura alikuwa amesimama langoni, mzima. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli. Halafu nikaona nani analazwa kwenye lori.
Matiko alikuwa amemtuma mtu kuchukua koleo. Wambura alikuwa nalo chini kabisa, shimo jingine. Nyapara akamfokea Matiko kwamba anachelewesha watu. Basi akatumia meno.
Wamempeleka hospitali Musoma. Shavu hakuna. Anapumua.

Jumatano, 12 Machi.
Wambura hakulala. Asubuhi akaenda mgodini, akaketi mlangoni mwa stoo ya baruti. Wenzake wote wa fataki wakaketi naye. Hawabani kitu mpaka kila mmoja apewe koleo lake. Nyapara ametishia kuita polisi. Binti yetu Bhoke ananiuliza baba atarudi lini.

Alhamisi, 13 Machi.
Polisi wamekuja. Wameuliza nani alianza. Hakuna aliyemtaja mtu. Wambura akasimama mwenyewe. Mjinga wangu. Wamemchukua.
Nimelala na Bhoke kifuani, mlango nimeuwekea kinu.

Jumamosi, 15 Machi.
Amerudi kwa miguu. Hawakumfungulia kesi, ila kazi hana. Wenzake wanasema makoleo yameletwa jana, kila mtu lake. Aliposikia akaitikia kwa kichwa tu. Akaoga. Nilimsugua mgongo. Una alama za fimbo. Nikazipaka mafuta.

Jumapili, 23 Machi. Musoma.
Hospitalini. Upepo wa ziwa unaingia dirishani, umepoa. Matiko amefungwa bendeji hadi chini ya macho. Daktari anasema ataishi. Kama ataongea tena, hajui.
Nimewaambia tutahamia Guta, kwa mama yangu. Kuna shamba, tutalima pamba. Matiko ana nafasi yake. Alinishika kidole, akakibana.
Wambura amekaa ukingoni mwa kitanda na bakuli la uji. Anapuliza kila kijiko, anakipitisha upande ulio mzima. Mwingi unamwagika. Anapangusa, anajaribu tena, polepole. Sijawahi kumwona na subira hivyo.
Kimoja kimeshuka. Matiko amefumba macho. Wambura akachota kingine.