Riziki Hakumla Malkia

Jumapili

Nilimsuka mwenyewe Riziki, Alhamisi, hapa mlangoni kwangu, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Njo akaniuliza polepole: "Maman, Furaha anafanyaka mazoezi gani ya chesi siku hizi?" Na mi mjinga, mikono iko kwenye nywele yake, nikamwambia binti yangu anajifunza kutoa malkia wake bure: ukimla tu, farasi anafunga mfalme wako.

Leo Lilongwe, fainali ya chesi, ni wao wawili. Mshindi njo anaingia timu ya kusafiri. Furaha akasogeza malkia mbele. Riziki akaangalia ubao, akaniangalia mi, akatabasamu. Hakumla. Akasogeza mfalme pembeni tu. Kutoka pale kete za Furaha ziliisha moja moja, mpaka akanyoosha mkono kukubali ameshindwa.

Na kichwa kile chote ni misuko yangu!

Akanijia na soda. "Maman, usikasirike, ni mchezo tu."

"Kunywa we mwenyewe. Kwangu ulikula kama mtoto wangu."

Ndani ya basi Furaha hakulia. Aliuliza tu: "Maman, nani alimwambia? Nilikuonyesha we peke yako."

Nikasema sijui. Akaniegemea begani, akalala.